Pazi Hemedi, Aliyepasia Asikotazama

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Bweni na mliotoka Kirongwe na Kilindoni, asalaam aleikum. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, wengi wenu mliwahi kumpigia makofi na wachache mliwahi kumpiga mateke. Haya ni maisha yake kwa ufupi, kama alivyoyasimulia mkewe, Bi Somoe, ambaye ameomba yasitiwe chumvi.

Marehemu Pazi Hemedi Omary alizaliwa hapa Bweni tarehe 3 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu mzee Hemedi Omary, mkulima wa minazi, na Bi Mwanasiti Ally. Alikuwa mdogo wa umbo hata nyumbani wakamwita Kidaka, kwa jina la nazi changa ambayo hakuna anayehangaika kuipandia. Jina hilo aliliitikia mpaka alipoota ndevu.

Alisoma shule ya msingi hapa Bweni kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari huko Kilindoni hadi 1997. Darasani alikuwa wa kati. Uwanjani, wenziwe waliomzidi kimo walikuwa wakimzunguka wamnyang'anye mpira, naye hakimbii. Alitulia mpaka wa mwisho amfikie, akautoa mpira, ndipo akala teke lake. Mwalimu mmoja alimwuliza kwa nini asiutoe mapema akaiepushia miguu yake maumivu. Pazi akamjibu, "Mwalimu, nikiutoa mapema mwenzangu atakuwa hajafika."

Mwaka 1999 alisajiliwa na timu ya ligi kuu jijini Dar es Salaam kama kiungo mchezeshaji, na mwaka 2003 akawa nahodha. Hakuwa na mbio, na mashuti yake makipa waliyadaka huku wakizungumza. Lakini alijua kila mwenzake yuko wapi kabla mpira haujamfikia. Mwenzake akiboronga, yeye ndiye aliyenyanyua mkono na kusema, "Langu hilo." Wakifungwa goli, aliubeba mpira hadi katikati kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni, ili wenzake wapate kupumua. Na macho yake yalikuwa yakidanganya. Alitazama kushoto, mabeki wote wakaenda kushoto, mpira ukaenda kulia. Goti lilimstaafisha mwaka 2011, akarudi Bweni kwenye minazi ya baba yake na kuwafundisha vijana mpira, akiwamo binti yake mkubwa, Time.

Macho hayohayo yaliitia tafrani nyumba moja ya Kirongwe. Mwaka 2003, alipokuwa mapumzikoni, alikuwa hakauki kwa mzee Shaabani, na kila akija humtazama Aziza, mtoto wa ndugu wa mzee huyo. Aziza akaanza kupakwa hina, shangazi zake wakaanza kuulizana rangi ya kanga. Mshenga alipokuja akamtaja Somoe, binti wa mzee mwenyewe, waliona kachanganyikiwa, wakampa maji ya kunywa wamwulize tena. Somoe alikuwa jikoni anakuna nazi, na anaapa hakuwahi kutazamwa hata kwa bahati mbaya. Walioana tarehe 16 Januari 2004 na kujaliwa watoto wawili, Time na Furaha. Alipomwuliza mumewe sababu ya vituko vile, alisema, "Ningekutazama wewe wangekukaba." Bi Aziza ameolewa kwingine, amesamehe, na yuko nasi hapa.

Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, akiwa uwanjani na vijana wake, marehemu aliangushwa na kiharusi. Alitibiwa Kilindoni, akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani mwezi Mei. Mwili wote ulikuwa umegoma isipokuwa macho. Daktari alieleza kwamba anasikia na anaelewa kila kitu: aulizwe, akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tatizo ni kwamba watu hawamwulizi mgonjwa, humwambia. Wageni walijaa chumbani, wakamjadili yeye akiwa hapo katikati yao, na aliyewahi kumwuliza neno alimwuliza habari za maji ya kunywa na mto wa kulalia. Mtu ambaye maisha yake yote alizungukwa na akapata pa kupitishia mpira, sasa alizungukwa na hana pa kuupitishia. Bi Somoe anasema hakuna jambo lililomuuma mumewe kama hilo.

Time alikuwa ameitwa na timu ya wanawake ya Dar es Salaam, timu inayolipa mshahara. Alikataa, akabaki kumgeuza na kumlisha baba yake. Mwezi Juni mwaka huu kocha alipiga simu kusema kwamba mwezi ukiisha nafasi atapewa mwingine. Time akajibu ampe huyo mwingine.

Wakati huo marehemu alikuwa akishinda anatazama dirisha la upande wa barabara ya Kilindoni. Mdogo wake, Mudrik, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kumjulia hali, alikata shauri. "Shemeji, si unaona mwenyewe? Kaka anataka kurudishwa hospitali. Macho hayabanduki barabarani."

Somoe alikuwa amechoka, na alikaribia kukubali. Ndipo Time, aliyekuwa akikunja shuka upande wa pili wa kitanda, akatoa la moyoni. "Mie hanitazami kabisa, mama. Tangu alale hajanitazama. Nimemkosea nini baba?"

Somoe akaangua kicheko, wakadhani kapatwa na jambo. Alikuwa amemkumbuka Aziza.

"Shemeji," akamwambia Mudrik, "kaka yako huyu alitazama lini anakotaka?" Akamwinamia mumewe. "Baba Time, wataka kurudi hospitali?"

Akafumba mara mbili.

"Wataka Time aende kwenye timu?"

Akafumba mara moja, na hakufumbua upesi. Machozi yakamtoka huku kafumba.

"Siendi," Time akasema. "Nani atamgeuza?"

"Mimi na baba yako mdogo. Umeshapewa mpira, mwanangu, usisimame nao." Mudrik hakuwa ameulizwa, lakini alibaki, na Mungu amlipe. Time aliondoka tarehe 24 Juni.

Toka siku hiyo marehemu hakulitazama tena dirisha. Jana, Ijumaa tarehe 15 Agosti, baada ya sala ya alasiri, Somoe alikuwa akimpa uji kwa kijiko. Pazi akamtazama yeye, usoni kabisa, kwa muda mrefu. Somoe akaweka bakuli chini.

"Leo wanitazama mimi," akamwambia. "Basi unakwenda kwingine."

Akafumba mara moja, na hakufumbua tena.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, dada yake Jamila na mdogo wake Mudrik. Time yuko njiani kwa boti kutoka Nyamisati na hatawahi maziko. Bi Somoe ameagiza asisubiriwe, kwa kuwa baba yake hakumtuma mbali ili aje kutazama akifukiwa.

Tangu Februari ya mwaka jana Pazi wetu alikuwa amebanwa. Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake, apumzike humo kwa nafasi.