Msimu wa Mlango Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeshika funguo za uwanja wa mpira kwa miaka kumi na minne. Mjini alijulikana kama Mama Geti. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Mama Geti hakukosa la kusema. Ukichelewa mechi, alikupokea kwa utani: "Goli halina subira, mwanangu. Si ungelala tu!" Ulicheka, ukaingia.

Kisha vita vikaja. Tulidhani ligi itasimama. Haikusimama. Amri ilitoka juu: mpira uchezwe kila Jumamosi, mwaka mzima, watu waone mambo ni shwari. Timu kumi na mbili zilianza msimu. Kumi na mbili, wasikilizaji. Zilizomaliza ni tano.

Siku ya mechi ya tatu, ofisa mmoja aliingia kibandani kwake. Mpole, hata kiti aliomba kwa adabu.

"Mama, uwanja una milango mitatu. Mpira ukiisha, fungua mmoja tu. Wa mbele."

"Kuna nini, afande?"

"Usalama. Na yule mdogo wako, winga wa kushoto, usimhofie. Wa kwako hatumgusi."

Mama Geti hakuwa amemwambia kwamba ana mdogo wake.

Jumamosi ile malori mawili yalisimama nje ya ukuta, injini zikinguruma. Wazee walipita. Kina mama walipita. Vijana waliambiwa wasogee pembeni, wakaguliwe vitambulisho. Malori yaliondoka yamefungwa maturubai. Mama Geti alirudi nyumbani, akapika, akapakua, hakula.

Mtauliza, mbona watu waliendelea kwenda? Kwa sababu Jumamosi mbili zilizofuata malori hayakuonekana. Ya tatu yakaja. Mtu hujipa moyo, wasikilizaji. Husema, mimi si wa leo.

Mwezi wa saba jirani yake, fundi cherehani, alikuja kibandani na sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni. Mwanawe wa pekee hakuwa amerudi.

"Shoga, mwanangu aliingia kwako. Katokea mlango gani?"

"Sijui, mwenzangu," alisema Mama Geti.

Alijua.

Tangu siku ile, anasema mdogo wake, dada aliacha mizaha. Mashabiki walipita mbele yake, naye akitazama viatu vyao tu. Nyuso hakuziweza.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Uwanja ulifurika. Nje, malori manane. Manane. Mama Geti aliyahesabu mara mbili, kisha akaenda chumba cha wachezaji, akamshika mdogo wake shati.

"Aliniambia, 'Ukiona jukwaa la nyuma linapungua, usingoje filimbi. Kimbia,'" anakumbuka mdogo wake. "Nikamwambia, dada, mimi si nimeahidiwa? Akasema, 'Hiyo ahadi leo naivunja mimi.'"

Dakika ya sabini alifungua mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mashine ya kukatia nyasi. Akamwinamia mama aliyekaa karibu: "Toka na wanao, polepole. Mwambie wa pembeni yako." Neno likapita safu kwa safu, mdomo kwa sikio. Hakuna aliyepiga kelele. Jukwaa likawa linapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na mwamuzi akaendelea kupuliza filimbi.

"Nilikimbia na njumu mguuni," anasema mdogo wake. "Sikugeuka. Hilo ndilo linaloniuma."

Waliopona walikuwa mamia. Mama Geti hakukimbia. Askari walimkuta amesimama mlangoni, funguo mkononi, wakamchukua. Alirudi baada ya miezi tisa, sikio moja halisikii tena.

Vita vilipokwisha, watu walitaka kumshukuru. Alikataa. "Nyinyi mnahesabu waliotoka," alisema. "Mimi nahesabu niliowafungia." Alikwenda kwa fundi cherehani, akamweleza yote, tangu ofisa hadi lile "sijui". Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Nimesikia," akasema. "Nenda." Hawakusemeshana tena miaka thelathini na mmoja.

Alhamisi, mazikoni, fundi yule alikuja na mkongojo. Hakulia. Hakumpa mtu mkono. Lakini alikaa mpaka koleo la mwisho la udongo.

Kwa mdogo wa marehemu, kwa wanawe na wajukuu, poleni sana. Kwa kila mzazi ambaye mtoto wake hakutoka uwanjani, poleni. Tunajua neno hili ni dogo.

Tunapomtafakari Mama Geti, tusimtafakari peke yake. Mwaka ule, kila Ijumaa, kuna sauti ilisoma ratiba ya mechi hewani na kuwaambia, "Vijana, njooni kwa wingi." Ilisomwa katika studio hii. Sauti ilikuwa hii mnayoisikia. Sikujua, wasikilizaji wapendwa. Wala sikuuliza.