Sanduku la Breki Chini ya Kitanda: Maisha ya Thuwaini bin Talib

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja matangani hapa Ibra, familia inakusomeeni historia ya Thuwaini bin Talib, nayo inaanza na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulipatia jawabu: vipi mtu mpole, aliyekuwa hamwachi mgeni aondoke mpaka amemkagulia tairi, aliweza kulala miaka mitano na zaidi juu ya sanduku la breki, na huku dada yake wa pekee akipanda gari lililozihitaji breki hizo hizo. Tulimuuliza mwenyewe, akasema hajui, na alipokuwa mgonjwa alitutaka tusimpambe, tulisome jambo hili kama lilivyokuwa, basi tunalisoma, na tunaomba asiwepo atakayemhukumu kabla ya kusikia yote.

Marehemu alizaliwa Ujiji tarehe 14 Machi 1936, baba yake akiwa Talib bin Marhoun, mwenye duka la nguo, na mama yake Bi Mabruka, akasoma Kurani kwa babu yake na akamaliza skuli hapo hapo Ujiji mwaka 1950. Mwaka uliofuata alipelekwa Unguja kwa shangazi yake, Bi Khole, aliyekuwa akikaa Malindi, akatiwa gereji moja ya Gulioni kujifunza ufundi, na miaka mitano baadaye, Bi Mabruka alipofariki, aliletewa mdogo wake, Mahbouba, mtoto wa miaka minane, akamlea yeye, akimsuka nywele kwa vidole ambavyo grisi yake haikutoka hata kwa sabuni ya mawe, na Mahbouba mwenyewe anasema kichwa chake kilinuka gereji mpaka alipovunja ungo.

Tarehe 8 Agosti 1959 alimuoa Bi Umkulthum, wakajaaliwa watoto watatu, Radhia mwaka 1961, Sinan mwaka 1963, na Marzouq, aliyezaliwa hapa Ibra mwaka 1974. Mwezi wa Machi 1964 aliihamishia familia Mombasa, na mwanzoni mwa 1966 akapanda meli peke yake kwenda Kuwait kutafuta riziki, akapata kazi kwenye gereji ya magari ya Kimarekani, na chumba akakishirikiana na kijana wa Sur ya Oman, Musallam bin Mahrous, wa ukoo wa manahodha, karani bandarini, mcheshi, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kununua, yaani mtu aliyekuwa kinyume cha Thuwaini kwa kila kitu isipokuwa mapenzi yao ya chai ya maziwa.

Mwaka 1970 liliingia gereji gari la mwaka 1967, milango miwili, silinda nane, rangi ya kijani cha chupa, na marehemu alipolitoa barabarani kulijaribu alirudi, kwa maneno yake mwenyewe, akiwa si mtu yule yule. Aliliona lina kasoro moja tu, kwamba lilikwenda kama limefukuzwa lakini halikujua kusimama, kwa sababu breki zake zote nne zilikuwa za dramu, ambazo viatu vyake hukaa ndani ya chungu cha chuma, chungu kikishika moto zinalegea, na kikiingia maji hazikamati kabisa. Basi, kabla hajawa na gari, alianza kulitafutia breki, na kwenye uwanja wa magari mabovu akakuta gari la aina ile ile, la toleo la baadaye, limepondwa nyuma lakini mbele lina breki za disiki, zile za sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa pande mbili na kukauka mara moja, akazifungua kidogo kidogo kila jioni, pamoja na vyuma vyake vya kushikia magurudumu, mipira yake, pampu yake na vali yake, akazipaka grisi, akazifunga kwa magunia, akazitia kwenye sanduku la mbao.

Lakini hakumwambia mtu kuwa analitaka. Marehemu alikuwa mwoga wa husuda, akiamini kitu ukikitangaza kabla hujakishika kinaingia jicho, kwa hiyo Ijumaa moja, Musallam alipomuuliza juu ya gari la kijani ambalo mwenye nalo anataka kuliuza, alimjibu, "Ah, si kitu lile, yakhe, halina breki." Siku ya pili yake alisikia honi nje, akatoka na kikombe mkononi, akamkuta Musallam yumo ndani ya gari lile anacheka meno yote nje, "Uliposema si kitu nikajua sina mshindani! Breki utanitilia wewe, fundi wangu." Marehemu alisema hongera, akarudi ndani, na chai ile hakuimaliza.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia, na haukumtoka, na ulimkaa vibaya zaidi kwa sababu Musallam hakumkosea lolote, maana mtu aliyedhulumiwa angalau anapata pa kulalamika. Wote wawili walirudi Oman mwaka ule ule, 1971, marehemu akienda nchi ya wazee wake, Musallam akaja na gari lake akafungua duka Sur, na marehemu akafungua gereji yake hapa Ibra na kuwaita watu wake kutoka Mombasa, na tarehe 20 Oktoba 1972 Musallam akamuoa Mahbouba, ndoa ambayo marehemu mwenyewe aliisimamia na kuifurahia, ingawa bibi harusi alipoondoka Umkulthum alimwona mumewe haangalii bibi harusi, anaangalia gari. Kila walipokuja kutoka Sur wazee walisimama vibarazani, watoto walikimbia nyuma yake mpaka mlangoni, na marehemu alitoka akalizunguka, akaona mkwaruzo hapa na vumbi pale, akasema, "Shemegi, gari hili hulijui kulitunza." Musallam akamjibu kila mara, "Nitilie breki basi, ndiyo matunzo," na marehemu akasema, kila mara, "Spea zake huku hazipatikani."

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda chake. Umkulthum alikuwa akifagia kulizunguka, akidhani ni vyombo vya kazi.

Tarehe 17 Februari 1978, baada ya mvua ya siku mbili, Musallam na Mahbouba walikuwa njiani kuja Ibra, na binti yao Wadha, wa miaka mitatu, amepakatwa na mama yake, wakavuka wadi, bonde linalopita maji ya mvua, kabla ya kufika Al-Qabil, maji yakifika nusu ya magurudumu, wakapanda ng'ambo salama, na njia ilipoanza kuteremka Musallam akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini, na gari likazidi kwenda. Aliligeuza kwenye ukuta wa udongo wa shamba la mitende, wakaupasua, wakasimama na pua ya gari ikining'inia juu ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende. Mtoto hakupata hata mchubuko, lakini Mahbouba alivunjika kifundo cha mkono, wakaletwa Ibra na lori la maji, mkono umefungwa kwa shela yake.

Marehemu aliwakuta mlangoni, akamuuliza dada yake kuna nini, na Mahbouba, ambaye hajawahi kumpandishia sauti kaka yake, alimwambia kwa upole, "Halina breki, kaka. Si ulisema mwenyewe tokea Kuwait?" Marehemu aliingia chumbani, tukasikia kitanda kinasukumwa, akatoka analiburura sanduku sakafuni, akalifungua mbele ya wote, grisi bado inang'aa.

"Hizi nini?" Musallam akauliza.

"Breki."

"Za gari gani?"

"Za lile."

"Tokea lini unazo?"

"Kabla hujalinunua."

Musallam alikaa chini kwenye kizingiti, akaangalia sanduku, akamwangalia shemegi yake, na sisi tuliokuwepo tulidhani udugu umekwisha siku ile, maana alikuwa na haki ya kusema lolote, mke wake amekaa pale na mkono uliovunjika. Alisema, "Kumbe lilikuwa lako," kisha akainuka, akavua kanzu, akabaki na shuka na fulana, "Haya, fundi, njoo nionyeshe."

Gari lilivutwa mpaka gereji, na kazi ile wakaifanya wawili, Thuwaini akatoa dramu za mbele na vyuma vyake vyote, akafunga vile vya sandukuni, sahani, vibano na mipira, akabadilisha pampu, kisha Musallam akakaa ndani akikanyaga ili upepo utoke kwenye mafuta, na kutwa nzima majirani wa soko walisikia sauti mbili, moja ikisema "Kanyaga, shikilia, wacha," na nyingine ikijibu "Nimekanyaga, nimeshikilia, mguu umekufa ganzi, maskini mimi." Jaribio la kwanza halikuwa zuri, magurudumu ya nyuma yalikamata kabla ya wakati na gari likatupa mkia, ndipo alipofunga ile vali ya kupunguza nguvu za nyuma, akasema sasa atalijaribu yeye peke yake. Alikwenda mpaka wadini, akaliingiza majini, akapanda ng'ambo akaliachia mteremko ule ule, akakanyaga, likasimama mbele ya ukuta uliobomoka. Alituambia alikaa hapo na mikono juu ya usukani, na njia ya Sur iko mbele yake nyeupe, na alilitaka gari lile siku ile kuliko siku zote. Alirudi, akampa Musallam ufunguo, akasema, "Limetulia."

Msidhani aliacha wivu. Dramu zile kuukuu alizisafisha, akazitia ndani ya lile sanduku, akalirudisha chini ya kitanda, ili angalau kipande kimoja cha gari kilale kwake, na kwa miaka iliyofuata kila lilipofika Ibra alikaa nyuma ya usukani muda mrefu, akisema anasikiliza breki, na injini haijawashwa.

Mwaka 1986 alianza kuugua moyo, akafunga gereji, na mwezi wa Septemba 1987 akahamia Nizwa kwa binti yake Radhia, mwalimu huko, ili awe karibu na matibabu. Mwezi wa Novemba Musallam alikuja hospitalini, akamwekea ufunguo juu ya shuka, na walichoamua siku hiyo tutakisoma mwisho, kama marehemu alivyotaka. Tarehe 3 Aprili 1988 aliomba arudishwe nyumbani, akafika Ibra baada ya magharibi, na alfajiri ya tarehe 4, mwezi wa Shaabani, akakata roho, mkono wake umo mkononi mwa Bi Umkulthum, akazikwa siku hiyo hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa waliomvumilia, kwani aliwasahihisha namna ya kusukuma kitanda chenye magurudumu, inawashukuru mafundi wa soko la Ibra waliofunga milango yao kuja kuzika, majirani wanaotupikia tokea juzi, na mwenye shamba wa Al-Qabil, ambaye ukuta wake ulijengwa upya na marehemu na shemegi yake kwa mikono yao.

Sasa lile lililoamuliwa. Musallam alisema, "Lichukue, yakhe, nimechoka kukuona unavyoliangalia," na marehemu alicheka mpaka muuguzi akaingia, akamjibu, "Nilichukue niende nalo wapi? Mpe Mahbouba. Miaka yote hiyo mimi na wewe tunalitazama gari, yeye amekaa ndani yake bila ya breki chini ya mguu wake." Wakakubaliana hivyo, na aliyelitekeleza ni Musallam, aliyemfundisha mkewe kwenye uwanja mtupu nje ya Sur, akimwambia kanyaga, shikilia, wacha, mpaka mwezi wa Machi alipopata leseni, na tarehe 3 Aprili aliyemtoa Thuwaini Nizwa kumleta nyumbani ni Bi Mahbouba, kaka yake kando yake, mumewe kiti cha nyuma, na katika kila mteremko mguu wa kulia wa mgonjwa ulikuwa ukikanyaga sakafu, na gari likipungua mwendo.

Lala, Thuwaini, Mola akurehemu, usiwe na wasiwasi tena, gari limesimama mlangoni, na ufunguo anao dada yako.