Mouzaoir Bacar, Mtu wa Reli Kwenye Barabara ya Ouani

Jumamosi, tarehe 31 Machi 2001, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bwana Mouzaoir Bacar anaaga rasmi idara yetu ya barabara. Alianza kazi hapa Moroni Machi 1977 akiwa kibarua wa kuziba mashimo, na anaondoka akiwa msimamizi mkuu wa usalama barabarani. Vijana wa karakana wanamwita Fundi. Wanaoithamini kazi yao hupenda aipitie. Wanaolipua kazi, wakimwona kwenye geti, huenda kujificha nyuma ya matangi.

Fundi Mouzaoir alizaliwa mwaka 1941 huko Madagaska, kwa wazazi wenye asili ya Anzuani. Ujana wake aliutumia relini, kwenye njia inayopanda kutoka Tamatave kuelekea Tananarive, alikokuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni moja ndogo msituni. Wakomoro waliporudishwa nyumbani mwaka 1977, baada ya mauaji ya Majunga, alikuwa mjini humo kwa wazazi wa mkewe Zainaba, na wote wawili walipakiwa melini. Watu wa Moroni waliwaita wahamiaji wote Sabena, kwa jina la ndege zilizowaleta wengi wao. Fundi hachoki kulalamika: “Mimi nimetapika siku tatu baharini, halafu naitwa ndege!”

Siku alipokuja kuomba kazi, karani alimwuliza amesomea nini. Akajibu, kuongoza treni. Karani akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akatoa leso. “Bwana, visiwa hivi havina reli hata ya kuchezea watoto.” Fundi akacheka naye, akapewa sepetu. Kwa miaka kumi na tisa alipanda na kushuka kati ya ofisi na nyumba yake ya Mvouni, na hakuna aliyemwuliza tena habari za treni.

Mwaka 1996 idara ilimpeleka Mutsamudu, kisiwani Anzuani, kusimamia matengenezo kwa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka mitatu. Agosti 1997 Anzuani ilitangaza kujitenga, safari zikawa za kubahatisha, na barua za ofisi zikakatika. Mkubwa wetu wa Moroni alifanikiwa kumpelekea salamu kwamba arudi kwa chombo chochote atakachopata. Kabla hajapata chombo, mvua za Februari 1998 ziliporomosha kilima juu ya barabara ya Mutsamudu kwenda Ouani.

Mimi ninayeandika haya, Bourhane, nilikuwa chini yake wakati huo. Upande wa mlima ulijaa mawe makubwa kama nyumba, na upande wa bahari lami ilikuwa imekatika. Kwa urefu wa mita mia saba ilibaki nafasi ya gari moja tu, na katikati palikuwa na kona ambayo dereva haoni kinachokuja. Tingatinga zilikuwa Moroni. Hospitali ilikuwa Mutsamudu, uwanja wa ndege Ouani, na barabara ilikuwa hiyo hiyo. Siku ya pili magari mawili yalikutana kwenye kona. Moja lilirudi nyuma, gurudumu likaning'inia juu ya bahari, abiria wakatokea madirishani.

Jioni hiyo Fundi alituma salamu Moroni kwamba harudi kwanza. Alituita, mimi na Bi Zalifa, karani wetu, akatueleza kwa mara ya kwanza kazi yake ya zamani. Reli ile ilikuwa ya njia moja. Treni ya kupanda na ya kushuka zilipita juu ya vyuma vile vile, zikapishana stesheni tu. Dereva hakuondoka bila kukabidhiwa fimbo ya kipande kile cha njia, na kwa kuwa fimbo ilikuwa moja, treni nayo ilikuwa moja. Kesho yake Bi Zalifa alipaka rangi nyekundu mpini wa sururu. Fundi na Bi Zalifa wakasimama upande wa Ouani, mimi upande wa Mutsamudu. Magari yaliruhusiwa kwa mafungu, na gari la mwisho la kila fungu lilibeba fimbo na kuikabidhi upande wa pili.

Madereva walitucheka wiki moja, kisha wakazoea. Maharusi walipopita, wanawake waliivisha fimbo kikuba cha asumini na kutukabidhi kwa vigelegele. Siku moja kamanda mmoja wa wapiganaji wa kujitenga alifika na pikapu mbili, akauliza kwa ukali ni nani anayetawala barabara hii. Fundi alimjibu kwa adabu, “Fimbo, bwana mkubwa. Hata mimi naiomba ruhusa.” Askari wake walicheka kabla yake, naye hakuwa na la kufanya ila kuzima injini na kungoja kama watu wengine.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sijawahi kuieleza mbele ya watu.

Ilikuwa Mei, kabla ya adhuhuri. Fungu la magari lilitoka Ouani likaja kwangu. Wakati huo huo ukazuka ugomvi kwenye kizuizi cha askari nyuma yangu, nami nikageuka kuutazama. Nilipogeuka tena, gari la mwisho lilikuwa limepita na kwenda zake Mutsamudu na fimbo yetu ndani. Nilikuwa na foleni ndefu, na mbele yake lori la unga. Dereva akapiga honi. Nikawaza: magari yote yameshatoka, njia ni tupu, kuna ubaya gani? Nikamwambia apite.

Upande wa pili, teksi ya Nadjib ilikuwa imefika na mkewe Nassima, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Nadjib naye aliwaza kama mimi. Alipaza sauti, “Fundi, njia ni tupu! Gari la mwisho umeliona kwa macho yako!”

“Nimeliona likiingia,” Fundi alisema. “Sijaiona fimbo ikirudi.”

“Mke wangu atazalia barabarani!”

“Bora azalie barabarani kuliko baharini.” Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo wa teksi, akautia mfukoni. Bi Zalifa anasema matusi aliyoporomosha Nadjib hapo hawezi kuyarudia katika hafla ya heshima. Fundi alimwambia Bi Zalifa gari lolote lisiingie mpaka yeye mwenyewe arudi, akafunga kitambaa chekundu mkononi na kuingia njiani mbio kuitafuta fimbo, mtu wa miaka hamsini na saba.

Kwenye kona alikutana uso kwa uso na lori langu.

Lilisimama hatua chache kutoka kifuani pake. Alimwuliza dereva kama kuna gari jingine nyuma yake, dereva hakujua. Basi akamwacha aendelee polepole hadi Ouani, na yeye akakimbia kuja kwangu. Alinikuta nimeinua mkono kuruhusu lori la pili. Aliushika mkono huo akaushusha.

“Bourhane, leo fimbo ni mimi. Usiponiona mbele yako kwa macho, hapiti mtu. Sema.”

Nikasema. Akanisemesha mara ya pili, akageuka na kurudi mbio. Alimpa Nadjib ufunguo, akaketi kando yake akihema, wakapita. Nilipoiona teksi ile ikitoka kwenye kona, na Nassima amekishika kiti kwa mikono miwili, nilikaa juu ya jiwe. Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini hata saa moja haijatimia.

Nilingoja kufukuzwa. Kesho yake Fundi alinichukua mpaka kwenye kona tukatazama alama za breki. Akanisimulia kwamba mwaka 1968, baada ya kimbunga, na yeye aliruhusu treni kwa kuwa aliamini njia ni tupu. Treni mbili zilisimama zikitazamana, kati yake hatua arobaini. “Nilizipima mwenyewe,” alisema. “Tangu hapo nikiambiwa njia ni tupu, nauliza nani ameikagua.” Katika taarifa yake aliandika: fimbo ilichukuliwa kwa bahati mbaya, imerudishwa, hakuna ajali. Jina langu halimo. Leo naliweka mwenyewe.

Kwa miezi kumi na minne tuliendesha njia ile hivyo, mpaka watu wa Ouani na wa Mutsamudu walipouchimba mlima kwa mitaimbo na kuipanua, kila Ijumaa baada ya sala. Hatukupoteza mtu hata mmoja. Huku Mvouni, Bi Zainaba aliulizwa na msafiri kama ana salamu za kumpelekea mumewe. Akasema, “Mwambie amalize barabara ya watu. Ila akirudi na ndevu, asibishe hodi.” Fundi alirudi mwishoni mwa 1999, kidevu kimenyolewa hadi kutoka damu.

Leo, uani kwa idara, wenzetu wa Anzuani na wa hapa kisiwani Ngazija wameketi kwenye mkeka mmoja kwa mara ya kwanza tangu 1997. Nadjib amevuka na familia yake na tangu asubuhi anahangaikia sahani ya Fundi ijae nyama.

Fundi Mouzaoir, ahsante kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa mkono ulioushusha. Mungu akupe afya, usingizi mtamu, na asubuhi zisizo na honi. Nawe Bi Zainaba, tulikuomba mumeo kwa miezi sita tu. Tunakurudishia leo, utusamehe, tumechelewa kidogo.