Mzee Mbuvi, Aliyeambiwa Ataitwa

Huyu mzee tunamlaza leo hapa Mata alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kathonzweni, Makueni, mtoto wa tatu wa marehemu Ndambuki Mutuku na marehemu Koki Ndambuki. Jina la ubatizo lilikuwa Reuben, la nyumbani Mbuvi, na hapa kijijini watu walimuita Afande, hata wale hawakumpenda. Mwaka wa 1965 njaa iliwatoa Ukambani wakashuka hapa Mata na mbuzi sita, wakafyeka vichaka, wakajenga. Mtu asikuje hapa leo kusema alikuwa mgeni. Wengi wanaomuita mgeni, alipofika hapa wazazi wao walikuwa hawajaoana.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza 1973. Mtihani alipita vizuri. Lakini mwaka huo baba yake alivunjika mguu, na ng'ombe hawajui kungojea mtu amalize fomu foo. Akashika fimbo.

Mwaka wa 1977 aliandikwa kazi ya reli pale Voi. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia ya treni kwa mkono, kuvuta ule mtaimbo mzito treni ikiwa inakuja. Miaka ishirini na sita hakuwahi kutuma treni njia mbaya. Alikuwa anasema kitu cha hatari hakitaki mtu muoga, kinataka mtu ametulia. Kumbukeni hayo maneno, kwa sababu kuna watu walikuja baadaye kumwambia hawezi kuaminiwa.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimuoa Loise Kalondu. Siku ya kwenda kumuomba alienda na yunifomu ya reli na ile taa yao ya rangi mbili. Baba mkwe akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa ama umekuja kusimamisha gari la moshi?" Mbuvi akajibu, "Mzee, ukinikatalia nitawasha nyekundu nirudi kwetu. Ukikubali, kijani." Mzee akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nzilani, Mutinda na Koki.

Reli ilipopunguza watu 2003, alirudi hapa kwa mahindi yake na ng'ombe. Hiyo miaka wezi wa mifugo walikuwa wanavuka mpaka wa nchi wakitaka, na ndovu walikuwa wanakula shamba kama wamelipanda wao. Machifu na wazee wakakaa, wakachagua watu wa kusaidia polisi. Mwaka wa 2004 Mbuvi akapewa bunduki, G3, akawa polisi wa akiba. Mshahara hakuna. Kila Ijumaa alipanda baiskeli kilomita kumi na nane mpaka kituo, akaonyesha bunduki, akahesabiwa risasi, akarudi. Mama Nzilani aliita hiyo bunduki mke mwenza. "Hapiki, hafui," alikuwa anasema, "lakini akiwa ndani, kijiji kinalala."

Na kilikuwa kinalala. Miaka kumi na tano alipiga risasi kumi na saba, zote juu hewani. Ndovu walirudi porini, wezi walirudi kwao. Hakuna mtu alitobolewa. Hakuna mke alitishwa, hakuna jirani alilewa akaomba kuishika akapewa.

Halafu mwaka wa 2019 amri ikatoka juu, watu wa akiba warudishe silaha. Mbuvi hakubishana. Alikuwa mtu wa sheria kuliko wale walioiandika. Aliifuta mafuta, akaipeleka, akaomba karatasi. Akapewa kipande kimeandikwa: "Imepokelewa. Utaitwa."

Utaitwa. Miaka sita huyu mzee alikunja hiyo karatasi kwa mfuko wa shati, na kila Ijumaa alipanda baiskeli kwenda kuuliza kama ameitwa. Mara faili iko Voi. Mara mkubwa amehamishwa. Mara mzee kuja wiki ijayo. Inatapisha hata kusimulia.

Siasa aliijua. Alikuwa mtu wa Kinu tangu chama kianze, alibandika picha zao mpaka kwa choo. Hakuwa mtu wa kurukaruka. Aliamini Mungu, ndoa, shamba la mtu ni la mtu, na kwamba mwanaume amepewa jukumu la kulinda nyumba yake. Serikali ikikunyang'anya hilo jukumu, ilibebe yenyewe. Ikishindwa kulibeba, irudishe. Hapo hakuna maneno mengi.

Julai 2022 mheshimiwa wa Kinu alikuja sokoni hapa Mata kuomba kura, na askari wanne wa bunduki nyuma yake. Mbuvi akasimama.

"Mheshimiwa, hao wanne wamebeba nini?"

"Mzee wangu, hao ni usalama wangu."

"Na usalama wangu uko wapi?"

"Si uko na kituo? Piga simu."

"Kituo kiko kilomita kumi na nane. Mwizi atakaa kwa kiti aletewe chai, angoje?"

Soko lote likacheka. Mheshimiwa akakasirika. "Raia akipewa bunduki ovyo, mzee, kesho ataua bibi yake!"

Mbuvi akageuka. "Mama Nzilani, simama wakuone."

Mama akasimama na kikapu chake. "Niko hapa! Miaka kumi na tano tulilala watatu na hiyo bunduki. Kile kilikaribia kuniua ni vile Baba Nzilani anakoroma!"

Mheshimiwa naye akacheka, akaapa mbele ya watu bunduki za akiba zitarudi kabla ya Krismasi. Wiki iliyofuata mpinzani wake wa chama cha Ngazi akaja, na askari wake watano, akaapa hivyo hivyo, akatupa tisheti. Mmoja alishinda, mwingine akapewa kazi kubwa na aliyeshinda, sasa wanakula sahani moja. Krismasi tatu zimepita. Tisheti ya Kinu Mbuvi alivalisha sanamu ya kufukuza ndege. Ya Ngazi alifutia baiskeli. Alisema angalau hizo zimefanya kazi.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nane mchana, jua likiwaka, watu watatu wenye bunduki waliingia boma lake akinywesha ng'ombe. Wao hawakuwa wameambiwa na mtu warudishe zao. Mbuvi alikuwa na rungu. Alisimama kwa mlango wa zizi kwa sababu Mama alikuwa nyuma yake. Wakampiga risasi ya tumbo, wakaswaga ng'ombe tisa. Mama akapiga simu kituo. Akaambiwa gari halina mafuta. Ni mpwa wake Alexander alimbeba na pikipiki, Mama nyuma amemkumbatia, mpaka hospitali.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Miaka sita mzee aliendea kituo kila Ijumaa. Hiyo moja hakuenda, ndipo kituo kikamjia, kikapata damu imekauka.

Alihamishiwa Voi. Waheshimiwa wote wawili walikuja wodini, na askari wao, na watu wa kupiga picha. Mmoja akamshika mkono, akasema, "Mzee, tuko pamoja." Mbuvi alikuwa na sauti kidogo tu. Akamwambia, "Sogea kidogo, mheshimiwa. Askari wako amenikanyagia mpira wa mkojo."

Usiku huo hakulala, na asubuhi alimuita Nzilani. Akasema, "Siku yangu, mtu asinizungumzie akiwa analindwa na kile mimi nilinyimwa. Akitaka maiki, bunduki ibaki getini. Akiogopa, abaki nayo nje." Alifariki Jumanne tarehe 18 Novemba 2025 saa kumi na moja asubuhi, miaka sitini na minane. Karatasi ilikuwa kwa shati.

Ndiyo maana leo mmepata meza pale getini na Mutinda amekaa hapo. Tulipewa hema na viti na waheshimiwa tukavirudisha, hivi viti ni vya kanisa. Tuliambiwa tuna madharau. Hatuna madharau, tuna agizo la mzee. Mwenye silaha anaiacha hapo, anaandikiwa risiti. Tumenakili maneno yale yale: "Imepokelewa. Utaitwa." Kama kuna mheshimiwa ameona hiyo risiti haiaminiki, akabaki kwa gari, hatumlaumu. Spika inafika huko, asikilize. Sasa amejua ile kitu mzee alikuwa anasikia kila Ijumaa.

Marehemu ameacha mjane, Loise Kalondu, watoto Nzilani, Mutinda na Koki, wajukuu saba, dada yake Nduku, mpwa wake Alexander, na ng'ombe mmoja ambaye alikuwa mgonjwa hiyo siku, wezi wakamuacha.

Karatasi hatumziki nayo. Mama amekataza. Ijumaa, tarehe 5 Desemba, atapanda baiskeli ya mzee, aende nayo kituo akaulize.

Lala, Afande. Wewe umeshaitwa, na aliyekuita hakukuambia urudi wiki ijayo. Pumzika kwa hiyo amani, kwa sababu ile ya hapa walikunyima.