Nahau Niliyowekewa na Madam Wayua

Mheshimiwa Chifu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliofunga vibanda vya soko la Kabati ili mje, wenzangu tuliomaliza Novemba, na wewe Madam Wayua unayestaafu leo: hamjambo? Mimi ni Ilham, binti Idris wa duka la vitambaa. Mnaonijua mnashangaa kuniona hapa mbele. Hata mimi nashangaa.

Mwenyekiti amemwomba Madam aseme neno mara mbili, na mara mbili ametikisa kichwa tu, akifuta miwani. Basi nitangulie mimi.

Kila Jumatatu Madam alitupa nahau moja ya Kiingereza. Kufikia Ijumaa uwe umemwambia mtu nyumbani au sokoni, kisha usimame darasani useme alijibu nini. Nani amesahau Nyamai alipomwambia mama yake, muuza ndengu, "Don't beat about the bush," yaani asipigepige kichaka, asizungukezunguke? Mama akajibu, "Kichaka ni kile, na mbuzi hawajafungwa. Kimbia!" Baba yangu naye, nilipomwambia kubeba robota la vitambaa ni "a piece of cake", kazi rahisi, alisema, "Haya, beba na la pili."

Lakini hiyo ya Baba hamkuisikia, kwa sababu sikuweza kusimama niseme mbele ya darasa. Niliiandika kwenye karatasi, nikaiacha mezani. Tukiwa Kidato cha Kwanza, Nyamai aliniuliza mbele ya wote, "Has the cat got your tongue?" Je, paka amekula ulimi wako, mbona husemi? Darasa likacheka. Kesho yake wakauliza tena, na siku iliyofuata.

Madam hakufoka. Aliiandika ubaoni, akaizungushia chaki nyekundu, akasema: "Hii ni ya Ilham. Hakuna atakayeitumia mpaka yeye aitumie kwanza, kwa sauti." Nani aliwahi kuvunja amri ile? Miaka minne, hata Nyamai aliuma midomo! Na kila Ijumaa Madam aliniangalia, akangoja kidogo, akasema, "Hakuna haraka, Ilham. Nahau haiozi."

Tukamaliza shule sijaitumia. Na kesho, Madam, unarudi kwenu Makueni.

Asante kwa kuningoja. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Lililobaki ni la mtu mmoja, aliyeombwa mara mbili na hajafungua kinywa.

Madam Wayua, has the cat got your tongue?

Kipaza sauti hiki hapa. Hakuna haraka.