Darasa la Ng'ambo ya Barabara

— "Mama, unamtumikisha mtoto." Hayo ndiyo maneno ya mkwe wangu, sijaongeza wala sijapunguza. Kasimama mlangoni kwangu, mkoba begani, kamkuta mtoto anachagua maharage kwenye ungo. Badala ya salamu, "Mama, unamtumikisha mtoto." Mimi! Na mtoto mwenyewe anaimba!

— Bibi, hiyo wiki iliyopita ulitusimulia, alisema Kocha.

— Na leo nasimulia tena. Wiki iliyopita ulikuwa unachezea simu.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, kwenye kona, ubavuni mwa meza ya Fundi Saa. Muuza kahawa aliweka jiko lake upande wa kivuli. Wote walimwita Shemeji, na hakuna aliyejua kaoa dada wa nani. Kocha timu yake ilivunjika zamani, mdomo tu ndio haukustaafu. Na Bibi waliyemwita Mafaili, kalamu hajawahi kuishika, ila ugomvi wote wa ukoo ulikuwa kichwani mwake umepangwa: nani kamnunia nani, tangu harusi ya nani, kwa kisa cha sufuria gani. Hakuwa mtu wa vijiweni. Alianza kuja siku za Jumamosi tangu lile duka la magodoro ng'ambo ya barabara lilipogeuzwa darasa la watoto, la kuchora, kufinyanga na kazi za mikono, na mke wa mwanawe akampeleka mjukuu humo. Duka lilikuwa na dirisha kubwa la kioo. Benchi lilitazamana nalo.

— Sasa sikilizeni, Bibi aliendelea. Jumamosi ya kwanza nimekaa hapa hapa, natazama mle ndani. Wamemvalisha shati la baba yake kinyumenyume, vifungo mgongoni, asije akachafuka. Mwalimu kaja na beseni. Ndani ya beseni mna nini?

— Maharage, alijibu Fundi Saa bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa ameifungua.

— Maharage! Mekundu huku, meupe kule. Kazi ile ile! Na mama yake yuko pembeni anampiga picha, meno yote nje.

— Hapo kakupiga chenga ya mwili, alisema Kocha.

— Lakini si sawasawa, Shemeji aliingilia huku akimimina. Kwako maharage yanakwenda jikoni. Mle yanabandikwa kwenye karatasi, yanakuwa kuku.

— Kuku gani? Yule alikuwa tembo.

— Tembo ana mabawa?

— Ni masikio yale! Bibi aling'aka. Usinitukanie mjukuu. Tembo nilimwona kwa macho yangu, kainuliwa juu, maharage yanadondoka.

Akakizungusha kikombe mkononi.

— Tena nisiseme uongo. Alipomwinua yule tembo, mtoto aliruka. Aliruka mpaka shati likamfunika uso. Kwangu hajawahi kuruka hivyo.

Fundi Saa alitoa ile lenzi jichoni. Mtu akinyamaza kijiweni, yeye ndiye aliyejiona ana wajibu wa kusema.

— Bibi, usihangaike. Vidole vya mtoto vina nyuzi zinapanda mpaka kwenye ubongo. Yule aliyemshikisha kitu kwanza ndiye aliyetega saa ya kichwani. Sasa nani alimshikisha ungo? Ni wewe. Basi mle kichwani saa inayotembea ni yako. Hao wengine wanafuta vumbi tu.

— Kama saa ni yangu, mbona mtoto haji tena kwangu?

— Itagonga.

— Itagonga lini? Nikishafukiwa?

— Achana na Fundi, alisema Kocha. Saa za wateja wake zenyewe hazigongi. Hili ni suala la usajili. Mchezaji kahamishwa na klabu mama haikuulizwa. Dawa yake moja: Bibi, fungua darasa lako.

— Mimi?

— Wewe! Unatafuta ubao, unaupaka rangi, unautundika mlangoni.

Shemeji akaona biashara.

— Halafu kila kazi uipe jina la kutisha. Usiseme kuosha vikombe. Sema, majaribio ya maji na povu.

— Kufagia uwanja, sanaa ya mistari, alisema Kocha.

— Kumenya vitunguu?

— Somo la kulia na kunyamaza.

Sasa hata Fundi Saa aliweka bisibisi chini.

— Mtaa mzima wataleta watoto wao! Vyombo vinaoshwa, kuta zinapakwa rangi, Bibi umekaa kwenye kiti na filimbi. Wale ng'ambo watafunga, warudishe magodoro yao. Na huyo mkwe wako atakuja mbio, anahema: "Mama, mpokee mtoto."

— Na wewe unamwambia nafasi zimejaa!

— Unamwambia aje na barua!

— Unamwambia, "Mwanao kwanza tumfanyie usaili wa maharage!"

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akawaita wahuni, akasema mama zenu walipata tabu. Kisha, kama alivyofanya kila baada ya muda kidogo, akatupa jicho kule dirishani.

Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, vidole vimepanuliwa, rangi ya bluu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anasubiri. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimjia Bibi kutoka uani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, hasemi kitu. Bibi alikuwa akivuta kata ya maji na kumwosha kidole kimoja kimoja, na kila kidole alikipa jina la mtu wa ukoo. Huyu kamnunia huyu. Huyu mrefu ndiye aliyewachonganisha. Huyu mdogo hajui kitu, anakula kwa wote. Na gumba, gumba ni bibi, anawashika wote. Mtoto alikuwa anakataa kukaushwa mikono mpaka wote wapatane.

Mle ndani msichana mmoja mwenye aproni alikuja, akamshika mtoto mabegani, akampeleka kwenye bomba. Dakika haikuisha, wakarudi.

— Hafiki katikati ya vidole, alisema Bibi.

— Nani?

— Yule anayemwosha. Anapitisha maji tu juu juu.

Kocha alikohoa.

Ndipo akaja mtu mgeni, mwanamume wa ovaroli, dereva wa lile lori la mchanga lililoegeshwa mbele kidogo. Aliomba kikombe kimoja, akakaa ukingoni mwa benchi. Sikio lake moja lilikuwa la njano.

— Ndugu yangu, umepakwa nini? aliuliza Kocha.

— Binti yangu huyo. Yumo mle darasani. Tulikuwa tunafinyanga samaki wa udongo, kaniambia nimekaa vibaya, analitaka sikio langu aliangalizie, mara kalipaka rangi.

— Samaki ana sikio?

— Wa kwake anayo manne.

Bibi akamgeukia mzima mzima.

— Kumbe wewe unaingia?

— Anayetaka anaingia. Baba, mjomba, shangazi. Leo kuna kikongwe mmoja yumo, anafinyanga vyungu, watoto wamemjaa mapajani mpaka haonekani. Na wewe bibi, una mtoto mle?

— Mjukuu. Yule mwenye shati la mistari.

— Ahaa, yule! Yule hatulii, nampenda. Dereva alipuliza kahawa yake, akanywa. Sasa bibi, mbona umekaa huku?

Aliuliza vivi hivi, kama mtu anayeuliza njia.

Kocha alitazama ndani ya kikombe chake. Fundi Saa alirudisha lenzi jichoni, na saa alikuwa keshaifunga zamani. Shemeji aliinamisha birika, likatoa tone moja na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Bibi alifungua mdomo. Faili la mkwe lilikuwa tayari, la kwanza juu ya mengine yote. Angesema hakualikwa. Lakini mtu keshasema hapo hapo kwamba anayetaka anaingia. Akapekua kichwani, akapekua, na alichokikuta hakikuwa cha kumlaumu mtu. Msichana, yeye mwenyewe enzi hizo, ana mzigo wa kuni kichwani, kaka zake wamo darasani, anapita chini ya dirisha la shule, anapunguza mwendo asikie wanavyoitikia wote kwa pamoja. Kisha anaongeza mwendo. Maisha yake yote madirisha ya shule aliyajua. Watoto wake aliwafikisha mlangoni, sweta zao akazipeleka mlangoni, akampa mtu, akageuka. Kuvuka ule mlango hajawahi.

Dereva alirudisha kikombe, akasimama. Bibi alimwahi, akamshika mkono wa ovaroli, akamvuta hatua kadhaa mbali na masikio ya Kocha.

— Mwanangu, unarudi mle?

— Narudi, bibi.

— Eti mtu anaingiaje? Anabisha hodi au anapita tu? Viatu anavua?

— Unaingia tu.

— Wewe umezoea. Hebu nisikilize. Pale karibu na mlango amekaa mwanamke kafunga kilemba cha kijani. Ndiye mkwe wangu. Mwambie mama mkwe wake yuko nje. Usimwambie nimelia, sijalia, ni moshi wa jiko la yule bwana. Mwambie sijaja kwa maneno. Mwambie mama anasema darasani hajaingia tangu azaliwe, hajui pa kushika wala pa kukaa. Aje mpaka hapo mlangoni, anishike mkono, aniingize. Ule ugomvi wetu upo, haukimbii, tutagombana nyumbani. Haya, nenda, baba. Na umwambie kama nilivyosema, usitie chumvi.