Dawa Moja Iliyobaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi mliokaa mlangoni pia. Nimesimama mbele yenu kwa miguu miwili. Ushuhuda wangu ni huo. Mengine ni maelezo.

Mnanifahamu, mimi ni Yustina, mjane, mkulima wa mihogo hapa Makere. Msimu wa kupanda, jembe lilinikata kifundo cha mguu. Akina mama wa jumuiya mkaja kunitazama, na kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mlileta maharage, mkaleta na rangi mbili, vile vidonge mlivyobakiza watoto walipopata nafuu. Mama Neema akavifungua, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda. Vingine nikameza. Tukaomba sana. Kidonda kikakauka juu, chini kikaendelea na kazi yake.

Ndugu zangu, mguu ulivimba kama mgomba. Hospitalini Kasulu nikachomwa sindano, hazikufanya kitu. Daktari akaniambia, "Mama, wadudu wa kidonda hiki wameizoea dawa. Mmewaonjesha kidogokidogo, wakajifunza. Tusipopata inayowaweza, mguu tutaukata."

Niliogopa. Mguu mmoja haulimi shamba la mihogo.

Wakachukua usaha, wakaupeleka maabara. Wakati wa kungoja sikuwa na sala ndefu, niliomba mguu tu. Majibu yakarudi kwamba dawa moja bado inawaweza. Moja tu, ndugu zangu! Nikachomwa hiyo mpaka daktari aliposema basi, ingawa maumivu yalikwisha mapema na mimi nilishataka kurudi nyumbani.

Kitanda cha pili alilala mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, naye ana kidonda. Alikuwa akiniita "dada" na kunifundisha nyimbo za kwao. Usaha wake ulipimwa pia. Kwake haikupatikana dawa hata moja inayowaweza wadudu wake. Walimkata mguu, na haikusaidia, alifariki.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba nilipona kwa imani kubwa. Yule mama aliomba kuliko mimi. Namshukuru Mungu aliyenibakizia dawa, sababu nyingine siijui. Mtumainini, ndugu zangu, anasikia. Na dozi mkipewa mmalize, hata mkijisikia wazima, ili atakayelazwa kesho aikute dawa bado ina nguvu. Amina.